Mwizi wa kuku hufungwa. Mbona anayevunja ndoa ya mtu hafungwi?

Swali: Nimeolewa kanisani miaka kumi na miwili, tuna watoto watatu, tunaishi Dodoma. Mume wangu ana mwanamke mwingine. Amempangia nyumba na wamezaa. Meseji zao ninazo, na miamala ya kodi ninayo. Nilikwenda polisi nikaambiwa hiyo si jinai, niende Mahakama ya Mwanzo nikadai fidia. Mimi sitaki hela ya mtu, nataka wafungwe wote wawili. Mwizi wa kuku anafungwa, mwizi wa ndoa anaachwa atambe. Kwa nini sheria isibadilishwe? Na kama haibadiliki, nifanye nini?

Jibu: Pole dada yangu. Polisi walikwambia sheria ilivyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haina kosa linaloitwa ugoni. Mwanamume na mwanamke wazima wakikutana kwa hiari yao, hata kama mmoja wao ana ndoa, Jamhuri haina shtaka la kuwafungulia. Kenya nako ni hivyo hivyo. Kwa Tanzania Bara, ugoni ni shauri la madai na umewekwa kwenye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29, kifungu cha 72. Kifungu hicho kinasema mume au mke anaweza kumdai fidia mtu yeyote aliyezini na mwenzi wake. Hayo maneno "mume au mke" si ya kawaida kama yanavyoonekana leo. Mila zetu nyingi zilimpa mume peke yake haki ya kudai ng'ombe au fedha za ugoni, na mke alinyamaza. Wewe una haki hiyo tangu 1971.

Sasa nije kwenye lile unalolitaka hasa. Msimamo wangu ni kwamba ugoni usifanywe jinai, na sababu ya kwanza inatokana na huo mfano wako wa kuku. Sheria ya wizi inalinda mali ya mtu. Nchi zilizoweka ugoni kwenye kanuni za adhabu, nyingi zao zilianzia hapo hapo: mke ni mali ya mume, na anayemgusa ameiba. Ukizisoma sheria hizo kwa makini utaona kwamba mwanamke wa hali yako asingepata chochote.

Chukua Uganda. Kifungu cha 154 cha Kanuni yao ya Adhabu kilimtia hatiani mwanamume aliyelala na mke wa mtu: kifungo hadi miezi 12 au faini isiyozidi shilingi 200, na juu yake fidia ya shilingi 600 kwa mume aliyekosewa, pesa ambayo leo haitoshi soda. Mwanamke mwenye ndoa naye alikuwa na hatia, kwa mwanamume yeyote aliyekuwa naye. Lakini mume wa mtu akimchukua mwanamke asiye na ndoa, hakuna kosa lililotendeka. Yaani mume wako na yule dada wangepita mbele ya kituo cha polisi wameshikana mikono. Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikifuta kifungu hicho Aprili 2007, katika shauri lililofunguliwa na wanasheria wanawake, kwa sababu kiliwabagua wanawake.

India ilikuwa na kifungu cha 497 tangu 1860: kifungo hadi miaka mitano kwa mwanamume aliyezini na mke wa mtu "bila idhini ya mume wake". Soma tena hayo maneno. Mume akiridhia, kosa halipo. Na mke ambaye mume wake anatoka nje hakuwa na pa kulalamikia. Mahakama Kuu Kabisa ya India iliking'oa tarehe 27 Septemba 2018, katika kesi ya Joseph Shine. Kongo nako, Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimwadhibu mke kwa tendo lolote la ugoni, ila mume aliadhibiwa pale tu ugoni wake ulipoambatana na mazingira ya kumtukana mke vibaya. Tofauti hiyo iliondolewa kwenye marekebisho ya 2016.

Utasema: basi tuandike sheria iliyo sawa kwa wote. Inawezekana, na Rwanda imefanya hivyo. Sheria yao ya makosa na adhabu ya mwaka 2018, ibara ya 136, inatoa kifungo cha miezi sita hadi mwaka mmoja kwa mwenye ndoa aliyezini, awe mume au mke, na kesi haianzi mpaka mwenzi aliyekosewa alalamike mwenyewe. Anaweza pia kuiondoa. Katika sheria za jinai za ugoni ninazozijua katika ukanda wetu, hiyo ndiyo iliyoandikwa kwa uangalifu zaidi. Lakini hata maandishi yakiwa sawa, matokeo hupinda yakifika nyumbani kwa watu.

Taiwan inaonyesha vizuri. Sheria yao haikubagua jinsia, adhabu hadi mwaka mmoja. Ila iliruhusu mlalamikaji kumsamehe mwenzi wake huku kesi ya yule wa nje ikiendelea. Wake wengi waliwasamehe waume, kwa sababu mume ndiye anayeleta chakula na ndiye baba wa watoto, wakabaki na kesi dhidi ya mwanamke mwenzao. Waume waliofumania hawakuwa wepesi wa kusamehe kiasi hicho. Mwisho sheria isiyobagua ikawa inatia hatiani wanawake zaidi ya wanaume. Majaji wa katiba waliifuta tarehe 29 Mei 2020.

Korea Kusini walidumu nayo tangu 1953, kifungo hadi miaka miwili, hakuna nafasi ya faini. Mahakama yao ya Katiba iliikubali mara nne, 1990, 1993, 2001 na 2008, kabla ya kuifuta tarehe 26 Februari 2015 kwa majaji saba dhidi ya wawili. Kule ilikuwa lazima ufungue kesi ya talaka kwanza ndipo ulalamike polisi. Fikiria maana yake: sheria iliyosemwa inalinda ndoa ilikudai uivunje kwanza ndoa yenyewe. Na shtaka likageuka silaha ya mazungumzo, nilipe kiasi fulani nikuondolee kesi.

Hilo la silaha lisichukuliwe juu juu, maana kwetu lipo tayari bila hata sheria ya jinai. Fumanizi za kupangwa mnazijua: mke na mume wanakubaliana, mwanamume anaitwa chumbani, mlango unavunjwa, picha zinapigwa, pesa inatakiwa papo hapo. Chini ya sheria ya sasa mchezo huo una dawa mbili. Kifungu cha 72 kinalitupa dai la mwenzi aliyeridhia au kushiriki kuupanga ugoni, na kudai mali kwa vitisho ni kosa la jinai kwa wanaofanya hivyo. Ugoni ukiwa jinai, matapeli hao wanapata fimbo nyingine: lipa au nikupeleke polisi.

Halafu kuna suala la ushahidi, na hapa ndipo wengi hawajui wanachokiomba. Kwenye madai unathibitisha kwa mizani ya uwezekano, yaani mahakama ione kwamba maelezo yako yana uzito kuliko ya upande wa pili. Ugoni ni jambo la gizani, kwa hiyo mahakama hupokea ushahidi wa mazingira: kwamba wawili hao walikuwa na mapenzi, na walikuwa na nafasi. Meseji zako, kodi anayolipa na mtoto aliyezaliwa vinaweza kutosha. Kwenye jinai upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha bila kuacha shaka ya maana, na shaka yoyote anapewa mshtakiwa. Meseji ya "asante kwa kodi mpenzi" inathibitisha mapenzi na kodi. Tendo lenyewe bado. Ndiyo maana katika nchi zenye sheria hizo watu huishia kuvamia vyumba vya hoteli wakiwa na polisi.

Tena kesi ya jinai si yako. Ni ya Jamhuri. Mkurugenzi wa Mashtaka ndiye anayeamua kuendelea au kuifuta, wewe ni shahidi. Faini ikitozwa inaingia serikalini. Mume akifungwa, mshahara unakatika, na kama ni mtumishi wa umma kazi yake iko hatarini, wakati ada za watoto wako watatu hazisubiri. Utakuwa umemwadhibu, na nusu ya adhabu mtaitumikia ninyi nyumbani.

Kuna wasomaji huniuliza mbona dini zinaadhibu uzinzi. Kwa Waislamu, jibu liko kwenye Suratun Nur: aya ya 4 inataka mashahidi wanne, na anayemtuhumu mwanamke mwenye heshima zake bila hao wanne anastahili viboko themanini yeye. Mume asiye na shahidi ila nafsi yake ana njia ya kiapo cha laana, aya ya 6 hadi ya 9, na inayofuata ni kutengana. Kiwango hicho cha ushahidi ni kikali makusudi. Anayetaka jela kwa ugoni kwa kutumia screenshot hawezi kuegemea hapo. Na Zanzibar, ambako Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki, waliwahi kuwa na sheria ya mwaka 1985 iliyoruhusu kumfunga msichana aliyepata mimba nje ya ndoa. Ushahidi ulikuwa tumbo lake. Mwanamume hana tumbo. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 2005, na ni funzo tosha kuhusu nani hukamatwa pale dola inapoanza kuhukumu mambo ya kitandani.

Upande wako una hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Fidia haimuumi mwenye nacho. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Ndoa kinakataza fidia ya ugoni kuwa na sura ya adhabu, na kinaitaka mahakama iangalie mila za jamii husika na kama wanandoa walikuwa wakiishi pamoja au wametengana. Kwa hiyo viwango huwa vya wastani, na mtu mwenye fedha analipa na kuendelea. Ningetaka sheria irekebishwe, lakini si huko jela. Ningeanza na kifungu cha 114, kinachohusu mgawanyo wa mali, kiseme wazi kwamba pesa ya familia iliyotumika kwa mtu wa nje inahesabiwa kwenye fungu la aliyeitumia. Hapo ndipo panapouma kweli.

Tuje kwenye la kufanya. Dai la ugoni linamhusu yule mwanamke, ndiye mdaiwa. Watu wengi hufika mahakamani wakimdai mwenzi wao na dai linakwama. Kifungu cha 76 kinakuruhusu kuanzia Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Kwa dai kama lako Mahakama ya Mwanzo inatosha na gharama zake ni nafuu. Huhitaji kuomba talaka ili udai fidia, na huhitaji kupita baraza la usuluhishi kwa dai hili. Nenda na cheti cha ndoa. Ukiwa huna nakala, anza kwa kuitafuta kanisani au RITA, wakala wa serikali wa usajili, maana pasipo ndoa iliyothibitishwa hakuna ugoni.

Utetezi utakaokusumbua ni mmoja: kwamba hakujua, na hata kwa kuuliza asingeweza kujua, kuwa huyo bwana ana mke. Akiithibitishia mahakama hilo, dai linatupwa. Kwa hiyo tafuta ushahidi kwamba alijua: meseji inayokutaja wewe, shahidi aliyemwambia, picha za harusi alizoziona. Kama hakuna, mpelekee barua kupitia wakili au msaidizi wa kisheria, yenye tarehe, na apokee kwa saini. Yatakayofuata baada ya barua hiyo hawezi tena kusema hakujua. Usiende mwenyewe na ndugu zako. Shari huanzia hapo, na madhara makubwa mwilini, kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu, yana kifungo hadi miaka saba. Utajikuta wewe ndiye mwenye kesi ya jinai.

Mashahidi wazuri ni mwenye nyumba aliyopangishiwa, jirani, na kumbukumbu za mtoto zenye jina la baba. Ukimya wako nao utaulizwa. Kama ulijua miaka miwili na ukawa unapokea zawadi kutoka kwa yule mwanamke, jiandae kueleza, maana upande wa pili watasema uliridhia. Katika kiasi cha fidia, eleza ulichopoteza kwa vitu vinavyopimika: matunzo yaliyopungua, matibabu, heshima yako mbele ya jamii yenu. Ukiandika milioni mia moja bila maelezo, hakimu atakushusha, na utakuwa umedhoofisha hata sehemu yenye ukweli.

Kuhusu meseji, swali la kwanza ni ulizipataje. Kama ulifungua simu yake kwa namba ya siri bila ruhusa, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inalitaja kosa la kuingia kwenye mfumo wa kompyuta isivyo halali, na simu imo humo: faini isiyopungua shilingi milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote. Zungumza na wakili kabla ya kuziwasilisha. Kama mume alikutumia mwenyewe, au yule dada alikuandikia wewe kukutambia, uko salama. Hifadhi simu yenyewe, usifute kitu, usibadilishe tarehe. Screenshot peke yake hupingwa kirahisi, kwani chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 mahakama hupima ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na mtumaji anavyotambulika. Miamala ya kodi usiipate kwa rafiki anayefanya kazi kampuni ya simu. Iombe mahakama itoe amri.

Na tafadhali, usiziweke kwenye magrupu ya WhatsApp. Picha za utupu ukizisambaza, hata kama ni za kweli, kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinaanzia faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 7.

Ukiamua talaka, njia ni nyingine. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ndoa kinautaja ugoni kama ushahidi wa ndoa kuvunjika, hasa ukirudiwa au ukiendelea licha ya mwenzi kulalamika, kwa hiyo weka kumbukumbu za siku ulizolalamika na mbele ya nani. Lazima upite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la kata au la kanisa lako kama linatambuliwa, likishindwa likupe hati, Fomu Namba 3. Hati hiyo ina uhai wa miezi sita. Ukifungua shauri baada ya hapo, litaondolewa na utaanza upya. Kwenye mgawanyo wa mali, kazi za nyumbani ni mchango. Mahakama ya Rufani ililisema hilo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Usikubali kuambiwa kwamba kwa kuwa hukuajiriwa huna chako.

Hutaki talaka? Unaweza kudai matunzo ndoa ikiwa hai. Kifungu cha 63 kinamwajibisha mume kumtunza mke, na cha 115 kinaipa mahakama uwezo wa kumwamuru alipe aliyekataa au kutelekeza. Yule mtoto wa nje naye ana haki ya matunzo kwa baba yake. Hiyo usipigane nayo, utashindwa, na mtoto hakukukosea. Mama yake kudai kuwa naye ni mke ni jambo tofauti. Ndoa yako ni ya mke mmoja, na kifungu cha 15 kinamzuia mume wako kufunga nyingine. Dhana ya ndoa ya watu walioishi pamoja miaka miwili, kifungu cha 160, haimsaidii kuwa mke wa mwanamume asiye na uwezo kisheria wa kuoa. Anaweza tu kuomba matunzo.

Katika yote haya, lisilosubiri ni nyumba mnayoishi. Kifungu cha 59 kinakataza mwenzi mmoja kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwingine, hata kama hati ina jina lake peke yake. Haki hiyo unailinda kwa kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Unahitaji cheti cha ndoa, namba ya hati au ya kiwanja, na kiapo kinachoeleza kuwa hapo ndipo makazi ya familia. Kama kiwanja hakijapimwa, andika barua kwa mtendaji wa mtaa, nakala yako igongwe mhuri na tarehe. Fanya hilo wiki hii, kabla mume wako hajapokea hati yoyote ya mahakama, kwa sababu wengi hukimbilia kuuza siku wanapopata wito.